Saa za Fundi wa Kisima

Niliporudi kisiwani kutoka chuo kikuu, mwaka mmoja hivi baada ya vita kwisha, nilikuwa na cheti na suti moja ya kijivu, lakini kazi sikuwa nayo. Niliahidiwa nafasi katika ofisi moja ya bandarini Kilindini, barua ya kuianza ikachelewa, na kwa wiki kadhaa nilikaa Mji wa Kale nikimngoja tarishi. Mtu aliyesoma akikosa la kufanya huanza kuwachunguza watu. Mimi nilimchunguza fundi wa kisima, na uchunguzi wangu nusura umpokonye shangazi yangu shamba lake.

Shamba lenyewe lilikuwa upande wa Mbaraki, kabla Ganjoni haijajaa nyumba za ghorofa. Halikuwa kubwa. Ungeweza kulizunguka kabla sigara haijaisha. Lakini ndani yake mlikuwa na mitambuu, imepandishwa juu ya miti na kutiliwa kivuli cha makuti, na tambuu za shangazi, majani yale ya kutafunwa na popoo, zilikuwa na jina. Mwenye harusi aliyejiheshimu hakupeleka tambuu nyingine. Shangazi alikuwa mjane, mtoto hakujaaliwa, na kwa zile tambuu alikula, akavaa na kutoa sadaka bila kumwomba mtu.

Shamba walirithi watatu, yeye, baba yangu na ami yangu. Kaka wawili walikubali kumwachia madamu lamlisha. Kisha kaskazi iliyopita, wakati wa kiangazi, kisima kilikauka. Ndoo ilishuka tupu ikapanda na tope, na mtambuu ni mmea usiosamehe. Hutaka maji asubuhi na jioni kama mgonjwa anavyotaka uji. Ami, ambaye alikuwa na tajiri wake wa Shimanzi aliyetafuta mahali pa kujenga bohari, alimwambia dada yake bila kuzunguka: kaskazi nyingine ya namna hii ikipita, shamba linauzwa. Baba hakusema kitu, na katika nyumba yetu baba akinyamaza ilikuwa sawa na kutia sahihi.

Ndipo shangazi akaagiza atafutwe fundi wa kutoboa mwamba chini ya kisima na kutia pampu ya mkono. Akanitaka mimi niwe mjumbe. Mwanamke wa heshima wa mtaa wetu, tena mjane, hakusimama uso kwa uso na mwanamume asiye wake akabishana naye habari za paipu. Alikaa juu, nyumbani kwake, na maneno yake yakashuka ngazi kinywani mwa kijana wa ukoo, na maneno ya fundi yakapanda kwa kinywa kile kile. Utaratibu huu ulifanya kazi vizuri kwa karne nyingi, nadhani kwa sababu vijana wale hawakuwa wamesoma.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mkavu, kutoka Mtongwe ng'ambo, na kwa Mji wa Kale hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Sisi hatuulizi mtu anajua kazi gani mpaka tujue mama yake ni nani.

"Wewe ni mwana wa nani?" nilimwuliza, nimesimama na suti yangu juani.

Akanitajia baba yake na babu yake. Sikumjua hata mmoja.

"Na hapa mjini wakujua nani?"

"Wenye visima," alisema. "Lakini wanijua wakiwa na kiu. Wakishakunywa hunisahau."

Kosa lake la pili lilikuwa paipu. Siku zile paipu ya chuma haikuonekana dukani, na kila kipande cha chuma kilichotembea kisiwani watu waliamini kimetoka katika ghala za jeshi kule Kilindini kwa mlango wa nyuma. Yeye alikuja na paipu nne juu ya mkokoteni, zimefunikwa gunia.

"Umezipata wapi?"

"Zilikuwako."

"Wapi?"

"Zilipokuwa," alisema, akaendelea kufungua kamba.

Nikajua nimempata mwizi. Nilinunua daftari siku hiyo hiyo.

Namna yake ya kufanya kazi nayo haikunipendeza. Alisimamisha miti mitatu juu ya kisima, akaifunga vichwa pamoja, akatundika kapi, gurudumu la kupitishia kamba, na kwa kapi hiyo akawa anauinua mtaimbo mzito wenye ncha bapa na kuuachia uanguke juu ya mwamba. Du. Kisha du tena. Mara kwa mara alishuka mwenyewe na tindo na taa, nami nikimsikia akigonga kule chini kama mtu aliyezikwa akibisha hodi. Hapo hapakuwa na kosa. Kosa ni kwamba alifanya hivyo kwa muda wa saa mbili hivi, wakati mwingine pungufu, kisha akapanda, akajifuta, akaanza kukusanya vyombo, na jua bado liko juu.

"Mbona waacha?"

"Wakati umepita."

"Wakati wa nini?"

"Wa kazi," alijibu, kwa upole wa mtu anayemjibu mgonjwa.

Kabla ya kuondoka aliteka maji kidogo kwa kopo, akayatia mdomoni, akayazungusha, akayatema. Siku nyingine alitikisa kichwa, siku nyingine alitabasamu peke yake. Tena alikuwa amening'iniza ndani ya kisima uzi mrefu wenye mafundo na vitambaa, cheupe, cheusi, na chini kabisa chekundu. Nikaandika: *anafanya uganga*. Nilikuwa nimehudhuria mihadhara mizima juu ya imani za watu wasiosoma, na nilifurahi kuuona mfano ulio hai, tena umefungwa kwenye kisima chetu.

Lakini hasa nilichoandika ni saa zake. Nilikuwa nimepewa saa ya mkono na baba kwa ajili ya kazi ambayo sikuwa nimeianza, na nilitaka kuitumia. Jumatatu fundi alifika saa mbili kamili. Jumanne, saa tatu kasoro dakika kumi. Jumatano, saa nne kasoro dakika ishirini. Alhamisi, saa nne na nusu. Ijumaa alikuja saa tano na dakika ishirini, akagonga kidogo, akaenda zake msikitini, akarudi akagonga tena kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Jumamosi alitokea mchana, na Jumapili saa saba. Kila siku alichelewa zaidi, na kila siku alikuja na uso uleule usio na aibu.

"Leo umechelewa," nilimwambia.

"Leo nimewahi," alisema. "Nimengoja pale njiani."

Alingoja nini? Sikumwuliza. Niliandika: *angoja njiani, yamkini amngoja mshirika wake*.

Wiki ya pili mambo yalizidi. Alikuwa akija baada ya sala ya alasiri, nami nikakaa mpaka karibu na magharibi kumshuhudia. Kisha siku moja sikumwona kabisa. Mtunza shamba, mzee mmoja aliyemwagilia mitambuu na kusema machache, aliniambia fundi alikuja alfajiri, akafanya kazi yake, akenda.

"Alfajiri? Kwa nini alfajiri?"

"Mwulize yeye," alisema mzee, akaendelea kung'oa magugu.

Nikaandika: *aja kwa siri, jua halijatoka*. Nilipiga mstari chini ya neno siri.

Mwishoni mwa wiki ya pili niliona ushahidi umetosha. Mtu mwingine angepeleka daftari. Mimi niliandika taarifa, kurasa mbili, kwa mwandiko safi, yenye utangulizi na hitimisho, na nikaenda kuisoma nyumbani kwa shangazi. Alikaa juu ya mkeka, ametandaza tambuu magotini akizipanga kwa ukubwa. Ami naye alikuwapo, amekalia kiti pekee.

Nilisoma juu ya paipu. Nilisoma juu ya uzi na vitambaa. Nikafika mahali nilipopapenda zaidi: "Ama saa zake za kazi, hazina utaratibu wowote."

Shangazi aliinua kichwa. "Kwani yuwaja saa ngapi?"

"Kila siku na saa yake, shangazi. Leo asubuhi, kesho mchana, mara jioni, mara alfajiri. Apendavyo."

"Na maji?"

"Ayaonja na kuyatema."

"Ayatema kwa nini?"

"Ndilo ninalouliza," nilisema, ingawa sikuwa nimeuliza.

Ami akakohoa. "Mtu wa paipu za wizi huja wakati askari hawako," alisema. "Sikiza, dada. Askari wakizikuta zile paipu katika shamba lenye jina letu, sitangoja kaskazi. Naliuza wiki ileile."

Shangazi alizitazama tambuu zake kwa muda. Nakumbuka alikuwa na jani moja mkononi, na alilipindua mara mbili kama lina maandishi nyuma.

"Mwambie apumzike," alisema hatimaye. "Mwambie kwa adabu."

Nilikwenda kumwambia, na kwa adabu nilimaanisha kwamba sikumpigia kelele. Alinisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kisima, miguu ndani.

"Bibi mwenyewe amesema?"

"Amesema."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya saa zako."

"Saa zangu?" Aliitazama saa yangu ya mkono. Kisha akaanza kufungua miti yake. Tundu alikuwa amekwisha kulitoboa, na paipu ilikuwa bado kushushwa. Alipokwisha kufunga mzigo alirudi akanionyesha ule uzi. "Huu nauacha. Mwambie bibi hivi: atakayekuja, asishushe paipu kupita kitambaa chekundu. Umesikia? Chekundu kiwe mwisho. Mwambie kama ninavyokwambia."

Nilisema nitamwambia. Sikumwambia. Niliona ni kosa kumpelekea mjane mcha Mungu maagizo ya vitambaa vyekundu. Niliufungua ule uzi mwenyewe, nikautia mfukoni, na kwa fahari nikamwonyesha mtunza shamba kwamba hakuna kilichonipata.

Mtu wa pili alikuwa mwenye duka la mabomba, Mhindi, Mwislamu mwenzetu, mwenye kanzu nyeupe na saa ya mfukoni yenye mnyororo. Yeye alikuwa na pampu ya injini. Alisema atafika saa mbili, akafika saa mbili. Kesho yake saa mbili. Nilimpenda kama ndugu. Risiti ya paipu zake alinionyesha kabla sijamwomba.

"Tundu refu hili," alisema, ameinama kisimani. "Paipu nishushe hadi wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Mwisho kabisa, bwana? Hapa karibu na bahari, watu wengine hawapendi sana mwisho."

"Chini zaidi ndiko kwenye maji zaidi," nilimfahamisha.

Akatoa karatasi mfukoni, akaandika kwamba urefu wa paipu umechaguliwa na mwenye shamba, akanipa kalamu. Nilidhani ni utaratibu mzuri tu wa kibiashara. Nilitia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika pia jina la cheti changu.

Injini iliponguruma maji yalitoka kama yamekasirika. Ami alikuja kutazama na akakiri kuwa hajaona kisima cha namna ile. Shangazi aliniletea haluwa kwa sahani iliyofunikwa kwa kawa, na kwa siku kumi nilikuwa mwana mwema wa ukoo. Wiki hiyo barua yangu ikafika, nikaanza kazi Kilindini, na nikavaa suti kwa haki.

Kisha mitambuu ikaanza kuungua pembeni. Majani yalikuwa na ukingo wa rangi ya tumbaku, kama yamepitishwa motoni. Mama mmoja muuzaji alirudisha mafungu mawili, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na akasema wateja wanalalamika tambuu zinachoma ulimi. Nilimweleza shangazi kwamba ni wadudu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaagiza mtungi wa maji kutoka shambani, akachemsha chai, akatia maziwa na sukari, akanipa kikombe.

"Kunywa."

Nilikunywa. "Nzuri," nilisema.

"Kunywa tena."

Nilikunywa tena. Mdomoni palibaki kitu ambacho hata mimi nilikijua, kwa kuwa niliogelea baharini utoto wangu mzima.

"Labda ni maziwa," nilisema.

Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama wachuuzi wa samaki. "Yule fundi ulimwambia nini?"

"Ulivyoniagiza, shangazi. Apumzike."

"Na yeye alikwambia nini?"

"Hakusema kitu."

"Hakusema kitu," alirudia polepole, akakichukua kikombe mkononi mwangu kabla sijakimaliza.

Injini ilizimwa, lakini maji ya ndoo nayo yalikuwa yale yale. Jumapili ami alimpeleka tajiri wa Shimanzi shambani. Mtunza shamba alisema tajiri alipima upande wa barabara kwa hatua zake, akirudi nyuma kila alipokosea hesabu. Ami akampa dada yake mpaka mwandamo wa mwezi mwingine.

Mwenzangu katika ofisi ya Kilindini alikuwa Mkristo wa bara, kutoka huko ziwani, mtu aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, na bado alikuwa akiitazama kwa mashaka kama mkopeshaji. Siku moja aliomba karatasi. Nilimpa lile daftari langu, ambalo nusu yake ilikuwa tupu. Akafunua kurasa za mwanzo.

"Mbona unanakili jedwali la maji?" aliuliza. "Si liko pale ukutani?"

Kwenye ukuta wetu palitundikwa jedwali lililochapishwa, la saa za maji kujaa na kupwa kwa kila siku ya mwaka. Meli hazikuingia wala kutoka bila hilo. Nilikuwa nimekaa chini yake kwa wiki tatu.

"Hilo si jedwali la maji," nilisema. "Hizo ni saa za fundi mmoja mvivu."

Alisimama, akaenda ukutani na daftari, akaweka kidole. "Jumatatu hii, maji kupwa saa moja na dakika ishirini. Wewe umeandika saa mbili. Jumanne, saa mbili na dakika kumi. Umeandika saa tatu kasoro kumi. Jumatano..." Akafuatisha mpaka chini ya ukurasa. "Kila siku ni dakika arobaini hivi baada ya maji kupwa. Hapa umeruka, halafu alfajiri, ndiyo, hata hapa." Akageuka. "Bwana, huyu si mvivu. Huyu ni meli."

Nilikwenda ukutani nikasoma mwenyewe.

"Lakini kwa nini dakika arobaini?" alisema, amevutiwa kabisa sasa. "Labda maji ya ndani ya mwamba huchelewa kuyafuata ya bahari. Yanapita kwenye vitundu." Kisha akanitazama kwa huruma ya kweli, ambayo ndiyo iliyoniumiza. "Na wewe umezaliwa wapi vile?"

"Hapa."

"Hapa hapa kisiwani?"

Nilimwambia nina kazi nyingi.

Jioni nilikwenda kwa shangazi na daftari. Safari hii nilimsomea saa zote kama zilivyo, moja moja. Sikufika hata Alhamisi.

"Maji ya kupwa," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Yuwaja kisima kikiwa chini, apate kufika kwenye mwamba. Kila mtu angejua." Akalichukua daftari. "Siku ile ungenisomea hizi saa."

"Nilifupisha."

"Chuoni ndiko mwafunzwa kufupisha?"

"Ndiyo."

"Basi wamekufunza."

Nikamwambia na habari ya kitambaa chekundu. Huo ndio uliokuwa mwisho wa maelezo yangu, kwa kuwa hakunipa nafasi ya mengine. Hakunifokea. Aliondoka akaenda chumbani, akarudi na buibui lake.

"Kesho nitafutie mashua ya kuvukia Mtongwe. Nitasema naye mwenyewe."

"Shangazi, watu watasema nini? Nipe mimi maneno, nitayafikisha."

"Watu watasema," alikubali. "Yule mtu simwamini. Mtu anayefunika paipu zake kwa gunia na hasemi zimetoka wapi, simwamini. Lakini wewe sikuamini zaidi."

Tulimkuta fundi uani kwake akibadilisha ngozi ya pampu ya mtu, ameiloweka katika mafuta ili iwe laini. Hakuonekana kushangaa. Alimkaribisha shangazi kwenye kiti, yeye akabaki kusimama mbali kidogo, akitazama chini kwa heshima. Mimi niliamriwa kukaa karibu na mlango, mahali pa kuonekana.

"Zile paipu umezipata wapi?" shangazi alianza, hata kabla ya maji ya kunywa kuja.

"Kisima cha nyumba moja iliyovunjwa, bibi. Mwenyewe kanambia ning'oe nichukue. Ukitaka nitakupeleka kwake sasa hivi."

"Mbona hukumwambia huyu?"

"Aliniuliza kama askari. Nami nikamjibu kama mtu aulizwaye na askari."

"Na habari ya maji kupwa, mbona hukumweleza?"

Fundi alinitupia jicho mara moja. "Bibi, niliona yuwaandika kila siku nikifika. Nilidhani ajifunza kazi."

Shangazi alitoa sauti fulani nyuma ya ukaya wake, kitambaa cha kufunikia uso. Sijui kama ilikuwa kicheko, na sikuthubutu kuuliza.

Fundi akaeleza, akimwambia shangazi na si mimi, kwamba chini ya kisiwa maji matamu yamekalia juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyokalia mchuzi, na yote mawili hupanda na kushuka pamoja. Kila siku yakishuka kabisa alionja na kupima kwa vile vitambaa mpaka akajua matamu yanaishia wapi. Paipu ilitakiwa iishie juu ya hapo, na ivutwe kwa mkono, kidogo kidogo. Injini imevuta yote ya juu, na bahari imepanda kujaza.

"Yatarudi?"

"Siahidi," alisema fundi. "Ikitolewa ile paipu na kisima kisiguswe kabisa, labda. Yakikataa, sina dawa."

Jibu hilo lilinitia wasiwasi. Nilidhani mtu anayetaka kazi angeahidi. Shangazi, nilipomtazama, alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu ile chai.

Mwezi mzima kisima kilifunikwa. Mitambuu ilimwagiliwa kwa maji ya mkokoteni kutoka mjini, na mimi ndiye niliyeusimamia kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, suti nimeikunja magotini. Theluthi ya mitambuu ilikufa hata hivyo. Fundi alikuja kwa saa zake, hata kazi ilipokuwa haipo, akashusha uzi mpya, akaonja, akatema, akaondoka. Alipita mbele yangu kwa salamu kamili na bila neno la ziada. Mara mbili nilishikwa na shaka kwamba hafanyi lolote ila kutuchelewesha mpaka ami auze, na kwamba huenda ami ndiye aliyemtuma. Niliziweka shaka hizo moyoni na sikuziandika popote.

Siku ya mwisho aliyotoa ami, maji yalikupwa mchana. Tulikuwa wanne kisimani, shangazi ndani ya buibui, ami, fundi na mimi. Pampu ya mkono ilikuwa imefungwa. Ami alikuwa na karatasi za tajiri mfukoni, kona zikichungulia. Fundi alivuta mkono wa pampu, akamwaga ya kwanza na ya pili, kisha akajaza kikombe na kumpa shangazi.

Shangazi hakunywa. Alinipa mimi.

"Onja."

Nilionja. Baada ya mwezi wa mkokoteni yalikuwa kama asali. "Matamu kabisa, shangazi," nilisema. "Chumvi hakuna hata chembe."

Alikichukua kikombe, akamnyoshea fundi. "Na wewe?"

Fundi alionja, akayazungusha mdomoni, na safari hii akameza. "Yana chumvi kidogo, bibi."

Ami alinigeukia akatabasamu, na mkono wake ukaenda mfukoni. Mimi nilimwona fundi mpumbavu kuliko wote niliowahi kukutana nao, mtu aliyekuwa na neno moja tu la kusema na akashindwa kulisema.

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza shangazi.

"Kiasi kile kile cha siku niliyoanza. Cha mwamba huu. Hakiondoki."

Shangazi aliinua ukaya kidogo, akanywa kikombe chote, bila haraka, akabaki amekishika.

"Kweli," alisema. "Ndivyo yalivyo tangu nilipokuwa mtoto. Angesema hayana chumvi ningemrudisha Mtongwe leo hii." Kisha akamwambia kaka yake, kwa sauti ya kawaida, "Mwambie mtu wako wa Shimanzi atafute mahali pengine."

Ami alisimama kidogo, akaangalia mitambuu iliyobaki, akaondoka bila kuaga.

Shangazi alimwita mtunza shamba aanze kumwagilia, safu ya mbele kwanza. Yeye na fundi wakaanza kuzungumza habari za ngozi ya pampu, ibadilishwe kila baada ya miezi mingapi na aje siku gani, wakiambizana moja kwa moja. Nilisogea nisikilize, kwa mazoea ya ujumbe.

"Wewe nenda ofisini," alisema shangazi, bila kugeuka.